Atang de la Rama, mwimbaji aliyeipa sauti filamu bubu

Filamu za kwanza duniani zilikuwa bubu. Watu walionekana wakifungua midomo, wakicheka, wakilia, lakini hakuna kilichosikika. Maneno yaliandikwa kwenye kitambaa, na pembeni mtu alipiga piano ili ukumbi usiwe kimya. Ndiyo maana kilichotokea Manila, mji mkuu wa Ufilipino, tarehe 12 Septemba 1919 kiliwashangaza wengi. Katika filamu iliyoonyeshwa siku hiyo, msichana muuza maua alipofika mahali pa kuimba, wimbo ulisikika kweli. Mwigizaji mwenyewe alikuwa amesimama ukumbini, akiimba huku picha yake ikicheza mbele ya watazamaji.

Jina lake kamili lilikuwa Honorata de la Rama, lakini Wafilipino walimjua kwa jina fupi, Atang. Wakati huo alikuwa na miaka 17. Filamu iliitwa Dalagang Bukid, yaani Msichana wa Shamba, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kutengenezwa na Mfilipino. Aliyeitengeneza ni José Nepomuceno, kijana wa Manila aliyekuwa amenunua kamera na mitambo yake miaka miwili tu kabla. Maandishi ya filamu yaliwekwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kihispania na Kitagalog. Ukitaka kujua nchi hiyo ilikuwa katika hali gani, anzia hapo kwenye hizo lugha tatu.

Ufilipino ilitawaliwa na Uhispania kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1898 Wafilipino wenyewe walitangaza uhuru, lakini kabla mwaka haujaisha Uhispania ilikabidhi visiwa hivyo kwa Marekani na kulipwa dola milioni 20. Wenyeji hawakuulizwa. Vita vikali vikafuata. Mwaka 1901 meli moja ilileta walimu wa Kimarekani wapatao 500, na Kiingereza kikawa lugha ya shule. Kitagalog, lugha ya watu wa Manila na mikoa ya jirani, kilibaki nyumbani, sokoni na jukwaani.

Jukwaani hasa. Wahispania walikuwa wameleta mchezo wa kuigiza unaochanganya mazungumzo na nyimbo, na Wafilipino waliuchukua, wakauita sarsuwela, wakaanza kuuandika kwa lugha yao. Watawala wapya waliutazama kwa jicho kali, na hawakukosea kufanya hivyo, maana waandishi walificha siasa ndani ya mapenzi. Mwaka 1903 mwandishi Aurelio Tolentino alikamatwa kwa ajili ya mchezo wake na akafungwa. Kulikuwa na michezo ambayo waigizaji walivaa nguo za rangi mbalimbali, kisha wakasogea pamoja kwa ghafla, na watazamaji wakaiona bendera ya taifa lao ikitokea mbele yao. Mwaka 1907 sheria ilipiga marufuku kabisa kupeperusha bendera hiyo, na marufuku hayo yaliondolewa Oktoba 1919, mwezi mmoja tu baada ya filamu ya Atang kuonyeshwa.

Atang alizaliwa Manila Januari 1902, akabaki yatima mapema, akalelewa na dada yake. Bahati yake ilikuwa kwamba mume wa dada huyo, Leon Ignacio, alikuwa mtunzi wa muziki. Mtoto alikulia ndani ya nyimbo. Akiwa na miaka saba hivi tayari alikuwa akiimba katika sarsuwela za Kihispania, na akiwa na miaka 15 alipewa nafasi kuu katika mchezo wa Kitagalog, Dalagang Bukid, ambao baadaye ndio uliogeuzwa filamu. Maneno ya mchezo yaliandikwa na Hermogenes Ilagan, na muziki ukatungwa na shemeji yake huyo.

Tuusimulie kidogo mchezo wenyewe, kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wataona kama umeandikwa jana. Angelita ni binti maskini anayeuza maua. Anampenda Cipriano, kijana anayesomea sheria, ambaye hana kitu. Wazazi wa Angelita ni watu wa kamari, wana madeni, na wanataka binti aolewe na Don Silvestre, mzee tajiri anayekopesha watu fedha kwa riba. Yanafanyika mashindano ya urembo, na mzee anamwaga fedha kununua kura ili Angelita ashinde taji. Anashinda. Lakini siku ya kuvikwa taji, badala ya kwenda ukumbini, binti anakwenda kanisani na kufunga ndoa na Cipriano. Mzee anapopata habari, anazimia.

Wimbo uliomtangaza Atang katika mchezo huo unaitwa Nabasag ang Banga, maana yake mtungi umevunjika. Ni wimbo wa msichana aliyekwenda kuchota maji na kurudi bila mtungi, na nyuma ya ajali hiyo kuna kijana. Watu wazima walielewa kinachosemwa, watoto walicheka kwa sababu ya mtungi. Unahitaji sauti nyepesi na uso wenye utani, na vyote viwili Atang alikuwa navyo. Ndiyo maana filamu bubu haikutosha bila yeye: watazamaji walikuwa wanaujua wimbo huo na wasingekubali kuona midomo tu.

Hakuacha shule. Alisomea ufamasia katika chuo cha wasichana cha Centro Escolar mjini Manila, akahitimu. Angeweza kukaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa akapata mshahara wa uhakika, na wakati ule waigizaji wa kike hawakuheshimiwa sana. Alichagua jukwaa.

Wimbo aliojitoa kwa ajili yake kuliko nyingine zote ni kundiman. Huo ni wimbo wa mapenzi wa Kitagalog, wa mwendo wa polepole, wenye mapigo matatu. Huanza kwa huzuni, mpenzi akilalamika kuwa hapendwi na yuko tayari hata kufa, kisha katikati muziki hugeuka na kuchangamka, kana kwamba aliyekuwa akilia ameinua kichwa. Watunzi waliosoma, kama Nicanor Abelardo, waliuchukua wimbo huu wa watu wa kawaida miaka ya 1920 na kuutungia muziki wa hali ya juu. Lakini uliendelea pia kubeba maana ya pili. Mpenzi anayeteseka na hapewi anachotaka alieleweka na wengi kuwa ni nchi yenyewe, na askari wa mtawala hakuwa na kifungu cha sheria cha kumkamatia mtu aliyekuwa anamlilia mchumba wake.

Kilichotishia sanaa hii baadaye hakikuwa polisi. Kilikuwa burudani ya Kimarekani. Miaka ya 1920 na 1930 kumbi za Manila zilijaa maonyesho ya vipande vipande: wacheza dansi, wachekeshaji, wanasarakasi, nyimbo za jazi. Wafilipino waliyaita bodabil. Sinema zenye sauti zilipokuja kutoka Marekani, wenye kumbi waliona ni nafuu zaidi kuonyesha filamu kuliko kulipa kundi zima la waigizaji na wapiga muziki. Sarsuwela ikaanza kukosa mahali pa kukaa. Atang hakulikimbia jukwaa jipya. Aliimba kwenye bodabil pia, na katikati ya dansi na vichekesho akawawekea watu kundiman. Tunaona hapo alikuwa na akili kuliko wale waliobaki wakilalamika tu: ukumbi ulipobadilika, alikwenda na wimbo wake kwenye ukumbi mpya.

Wala hakungoja watu waje Manila. Aliimba kwenye majumba makubwa ya mji mkuu, lakini pia kwenye viwanja vya vijiji na kwenye mabanda ya kupiganisha jogoo, ambayo katika sehemu nyingi za Ufilipino ndiyo yaliyokuwa mahali pekee penye viti vya kutosha watu wengi. Alipeleka kundiman na sarsuwela kwa watu wa milimani na misituni waliokuwa mbali na miji, kama Waigorot, Waaeta na Wamangyan. Ng'ambo aliimba Hawaii, San Francisco, Los Angeles, New York, Hong Kong, Shanghai na Tokyo. Hawaii na pwani ya magharibi ya Marekani zilikuwa na maelfu ya vibarua wa Kifilipino waliokwenda kukata miwa na kuvuna mashamba ya watu, na kwao wimbo wa Kitagalog haukuwa burudani ya kupitisha jioni tu.

Aliandika pia. Baadhi ya sarsuwela alizitunga na kuziandaa mwenyewe, na humo alitaka mambo ya wanawake yasemwe na wanawake. Katika fani ambayo wanawake walikuwa wakiimba maneno yaliyoandikwa na wanaume, hilo lilikuwa jambo zito.

Mwaka 1932 aliolewa na Amado V. Hernandez, mwandishi wa habari na mshairi. Yeye alikuwa tayari nyota, na mume akawa anapanda. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wajapani waliikalia nchi, na Hernandez alikuwa miongoni mwa waliopambana nao kwa siri. Vita viliiacha Manila magofu. Baada ya hapo Hernandez alikuwa diwani wa jiji, na mwaka 1947 akawa kiongozi wa shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi. Ufilipino ilikuwa imepata uhuru mwaka 1946, lakini mashambani wakulima wenye silaha waliokuwa wamepigana na Wajapani sasa walipigana na serikali kwa sababu ya ardhi. Serikali ilidai viongozi wa wafanyakazi walishirikiana nao. Januari 1951 Hernandez alikamatwa kwa tuhuma za uasi, na baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha.

Alikaa ndani zaidi ya miaka mitano. Humo aliandika mashairi yanayosomwa mpaka leo katika shule za Ufilipino, mojawapo likieleza kipande cha mbingu anachokiona mfungwa kupitia dirisha, kisichozidi urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Atang, aliyekuwa amevuka miaka 49 mume wake alipochukuliwa, alikuwa mke wa mtu aliyeitwa adui wa taifa, katika kazi inayotegemea kupendwa na watu. Hakumwacha. Mwaka 1956 Hernandez alitoka kwa dhamana baada ya Mahakama Kuu kusema kwamba kosa la uasi haliwezi kurundikiwa mauaji na uchomaji ili adhabu iwe kubwa zaidi. Uamuzi huo ulibeba jina lake na bado unasomwa na wanafunzi wa sheria wa nchi hiyo. Mwaka 1964 alifutiwa mashtaka kabisa. Alifariki Machi 1970, na mwaka 1973 serikali ikampa, akiwa kaburini, cheo cha Msanii wa Taifa katika fasihi.

Atang alibaki mjane kwa miaka 21. Mwaka 1979, akiwa bibi wa miaka zaidi ya 75, alitambuliwa rasmi kuwa malkia wa kundiman na sarsuwela. Jina hilo watu walikuwa wameshampa zamani. Tarehe 8 Mei 1987 Rais Corazon Aquino alimtangaza naye Msanii wa Taifa, kwa ajili ya michezo ya jukwaani na muziki. Mume na mke wote wawili wakawa na cheo hicho, yeye akiwa bado hai kukipokea. Alifariki tarehe 11 Julai 1991, akiwa na miaka 89.

Nyaraka zake na za mumewe zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa mjini Manila. Filamu ya Dalagang Bukid haipo. Hakuna nakala hata moja inayojulikana kubaki, na karibu kazi zote za Nepomuceno zimepotea vivyo hivyo, kwa moto, vita, joto na uzembe. Wimbo wa mtungi uliovunjika haukutegemea filamu hiyo. Wasichana wanaosomea uimbaji Ufilipino bado hufundishwa, huku piano ikipigwa pembeni, na wanauimba kwa Kitagalog.