Gregory Maloba na Mama wa Simiti

Kila mwaka gazeti letu huandika maisha ya washairi na wanasiasa. Mwaka huu nimeonelea niwaletee mchongaji. Anaitwa Gregory Maloba. Niliuliza darasani nani anamjua, na wengi wakadhani ni mchezaji wa mpira!

Maloba alizaliwa mwaka wa 1922 huko Mumias, magharibi mwa Kenya. Alienda Makerere, Uganda, akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Bi. Margaret Trowell, mwalimu Mwingereza aliyeanzisha somo la sanaa pale. Mama huyu hakutaka wanafunzi wanakili picha za Wazungu. Aliwasimulia kisa, kisha kila mtu akachora alichokiona moyoni mwake. Nadhani hapo ndipo Maloba alifunguka, kwani tangu akiwa mwanafunzi kazi zake hazikuwa za kupamba meza. Mojawapo ni mchongo wa mti alioupa jina Kifo. Hebu fikiria, kijana anashika patasi na kuchonga kitu kisicho na sura!

Baadaye alisoma Uingereza, akarudi Makerere kufundisha.

Sasa nafika pale ninapopapenda. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na mnara wa uhuru ulioko Kampala ni kazi ya Maloba. Ni mama mrefu aliyezungushiwa vitambaa mwilini kama mtu aliyefungwa, lakini mikono yake imemwinua mtoto juu kabisa, na mtoto naye ameinua mikono yake. Hakuna bunduki pale, wala mkubwa yeyote. Mama bado anajifungua kamba, mtoto tayari yuko huru. Mshairi angehitaji beti kumi kusema hivyo.

Na si shaba, ni simiti! Hapa Mutuini simiti tunaiona kila siku fundi akiichanganya na mchanga na kokoto, tukidhani ni ya nyumba na choo tu. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuongeza na kupunguza upendavyo. Simiti haikungojei, ikishakauka basi. Mkono lazima ujue unakokwenda.

Kuna jambo ambalo huwa linanirudia. Uganda iliposherehekea, huku kwao Maloba bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea. Sisi tulingoja hadi tarehe 12 Desemba 1963. Yaani alimchongea jirani uhuru ambao yeye mwenyewe hakuwa nao! Mimi naona mtoto yule alikuwa wetu pia.

Miaka hiyo ya 60 Maloba alirudi Kenya akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini ile sanamu kubwa ya Mzee Kenyatta ameketi pale KICC, ya mwaka wa 1973, ilitengenezwa na Mwingereza, James Butler. Ni nzuri, sikatai, ila inaniuma kidogo nikipita pale.

Maloba alifariki mwaka wa 2007, mimi sijazaliwa. Waganda wamemweka yule mama kwenye noti zao. Mjomba wangu ni dereva wa trela, na aliniletea noti ya shilingi elfu moja ya huko. Hapa kwetu hainunui hata chapati mbili. Nimeibandika kwenye daftari langu la sanaa.