Dian Fossey na gari kuukuu lililomvusha mpaka

Dian Fossey, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1932, anakumbukwa Rwanda kwa sokwe wa milimani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba uhai wake uliwahi kutegemea gari kuukuu.

Land Rover hilo la turubai, lililoitwa Lily, alichaguliwa na Louis Leakey jijini Nairobi. Mwanzoni mwa 1967 lilimfikisha Congo, akaanza utafiti Kabara, mlimani Mikeno. Julai, wakati wa uasi, askari walimteremsha na kumzuilia Rumangabo. Gari lilikuwa na usajili wa Kenya. Fossey akawashawishi wamsindikize hadi Kisoro, Uganda, akidai kwamba fedha za kulisajili upya zilikuwa huko. Hila hiyo, ya karatasi tu, ilifaulu. Alikimbilia hoteli ya Walter Baumgärtel, na waliomsindikiza wakakamatwa.

Alihamia upande wa pili wa milima, ambako Rosamond Carr, mkulima wa maua karibu na Gisenyi, alikuwa rafiki yake. Septemba 24, 1967, alianzisha kituo cha Karisoke.

Aliuawa kibandani mwake Desemba 1985, akazikwa hapo hapo, kando ya sokwe wake Digit.