Armstrong: Bingwa wa redio aliyeteswa na kesi

WANAOUNDA nyumbani redio zinazoendeshwa kwa programu ya kompyuta wangali wanategemea maarifa ya mtu aliyefariki miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia majumbani.

Edwin Howard Armstrong alizaliwa New York, Marekani, Desemba 18, 1890. Akiwa kijana mjini Yonkers, aligeuza chumba cha darini kuwa karakana, akasimamisha uani mlingoti wa antena wa takriban mita 38.

Mnamo 1912, akisomea Chuo Kikuu cha Columbia, alitambua kuwa wimbi dhaifu likirudishwa mara kwa mara katika valvu ile ile hupata nguvu nyingi. Lee de Forest alidai ugunduzi huo ni wake, na mnamo 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa de Forest ushindi.

Armstrong alitaka kuirejesha medali aliyotunukiwa na Taasisi ya Wahandisi wa Redio kwa kazi hiyo. Wahandisi wenzake walikataa kuipokea.

Mchango wake mkubwa ulitokea 1918 jijini Paris, alikokuwa afisa wa jeshi. Alibuni kipokezi kinacholichanganya wimbi linaloingia na jingine linalozalishwa ndani ya mtambo, ili kupata wimbi la masafa ya chini ambalo ni rahisi kulichuja na kulikuza. Katika redio nyingi za kompyuta, wimbi hushushwa vivyo hivyo kabla ya kugeuzwa kuwa tarakimu. Kutoka hapo programu hushika usukani.

Mwaka wa 1933 alipata hataza za FM, mfumo uliopunguza mno mikwaruzo hewani. Hata hivyo, mnamo 1945 serikali ilihamishia FM kwenye masafa ya juu zaidi, na vipokezi vilivyokuwa vimeuzwa vikawa havina kazi. Mnamo 1948 aliishtaki kampuni ya RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila malipo.

Kesi hiyo ilimmalizia mali na kuivunja ndoa yake. Usiku wa Januari 31, 1954, alijitoa uhai akiwa na miaka 63.

Mjane wake, Marion, hakukata tamaa. Mwaka huo huo RCA ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni moja, na mnamo 1967 akashinda kesi ya mwisho, dhidi ya Motorola.