Livingstone na mizigo iliyouzwa Ujiji

Noeli na Bonane zikikaribia, watu wa Uvira huagiza vitu kwa simu: viatu vya watoto, vitenge, hata simu nyingine. Picha inakuja kwenye WhatsApp, bei inakubaliwa, pesa inatangulia, kisha mtu anangoja mzigo kutoka Bujumbura, Bukavu au Dar es Salaam. Wengine hungoja mpaka sikukuu ipite. Hayo si mageni kwenye ziwa hili. Mtu mashuhuri aliyepita hapa mwaka 1871 alikuwa ameliwa mali yake kwa njia hiyohiyo, tena mara mbili.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika familia maskini. Alipokuwa na miaka 10 alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba. Baadaye alisomea udaktari, akawa mmisionari, akafika Afrika Kusini mwaka 1841. Mwaka 1856 alimaliza kuvuka bara zima, kutoka Luanda mpaka Quelimane. Hayo hufundishwa shuleni. Kinachosahaulika ni kwamba katika safari yake ya mwisho, iliyoanza mwaka 1866, alitegemea vitu vya kuagiza.

Hapakuwa na franga wala dola. Pesa zilikuwa kitambaa cha merikani na shanga. Bila hivyo hupati chakula, mtumbwi wala wapagazi. Mizigo ilitoka Zanzibar, ikavuka hadi Bagamoyo, ikabebwa vichwani kupitia Tabora mpaka Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Mwenyewe alikuwa mbali. Machi 1869 alipofika Ujiji, mgonjwa, alikuta sehemu kubwa ya mali yake imeibwa. Aliandika barua nyingi kwenda pwani kuomba nyingine, na nyingi ya barua hizo hazikufika.

Mzigo mpya ulitumwa na John Kirk, aliyeshika kazi ya balozi wa Uingereza huko Zanzibar, kupitia mfanyabiashara Mhindi, Ludha Damji. Wabebaji walikuwa watumwa wa kukodishwa. Msimamizi wao aliitwa Sherif. Februari 1871, kumi kati yao walimfikia Livingstone huko Bambarre, Kabambare ya leo, wakakataa kwenda mbele. Walidai wametumwa kumrudisha pwani. Mtu mwenye shaka angeuliza hapo: na mali yangu iko wapi? Lakini aliwahitaji, akaendelea nao mpaka Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu wa wafanyabiashara wa utumwa wakiua mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake. Akageuka.

Oktoba alifika Ujiji amechoka kabisa. Katika yadi 3000 za kitambaa haikubaki hata moja. Katika ratili 700 za shanga haukubaki uzi mmoja. Sherif alikuwa ameuza vyote, akajinunulia pembe za ndovu na watumwa. Kisingizio chake: alipiga ramli kwa Kurani, akaona kwamba daktari amekufa. Tapeli wa leo hukufungia namba. Sherif alikuja kumpa mkono. Livingstone aliukataa, lakini angemshitaki kwa nani? Balozi alikuwa mbali, safari ya miezi.

Tundu la wizi huo ni lilelile la leo: mali ikiwa mkononi mwa mtu asiye na wa kumuuliza. Muuzaji anakupa jina moja, namba ya kupokea pesa ina jina lingine. Kisha unaambiwa mzigo umekwama mpakani, ongeza kidogo utoke. Usiongeze. Kama una ndugu Bujumbura au Bukavu, aende aone kitu kwa macho kabla hujatuma chochote, au ulipe kasha likifunguliwa mbele yako. Namba ya siri ya simu haimhusu muuzaji yeyote. Anayekataa hayo yote na kukuambia bei ni ya leo tu, mwache na bei yake.

Siku chache baadaye Stanley aliingia Ujiji na mali ya kutosha. Novemba walipanda mtumbwi wa kuazima kwenda kaskazini, wakalala Mugere tarehe 25 mpaka 27, kisha wakaona Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Wakarudi wakiambaa upande wetu, chini ya milima ya Uvira. Livingstone alikuwa akila kwa mali ya mwenzake.

Machi 1872 waliachana karibu na Tabora. Safari hii Livingstone hakutaka tena watumwa wa kukodishwa. Aliomba watu huru, na Stanley akawachagua mwenyewe huko Zanzibar, watu 57. Walifika Agosti.

Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Susi na Chuma, wasaidizi wake wa zamani, pamoja na watu hao wapya, waliukausha mwili wake wakaubeba. Tabora, Waingereza waliokutana nao waliwashauri wamzike hapo. Walikataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo pamoja na maandishi yake. Alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874, na mmoja wa waliotumwa na Stanley, Jacob Wainwright, alikuwa kati ya walioshika jeneza.