Kardinali Malula na Mobutu: vita juu ya majina

Joseph-Albert Malula alizaliwa Léopoldville, leo Kinshasa, mwaka 1917. Alipata upadri 1946, uaskofu 1959, na 1964 akawa askofu mkuu wa mji ule. Mwaka 1969 Papa Paulo VI akamufanya kardinali, Mukongomani wa kwanza kufika pale.

Mwaka ule ule, tarehe 4 Juni, askari walipiga wanafunzi wa Lovanium risasi ku Kinshasa. Lovanium ilikuwa universite ya Kanisa. Mwaka 1971 leta ikaikamata, ikaiunganisha na zingine kuwa UNAZA, na kampusi moja ikakuwa hapa Lubumbashi. Kisha Mobutu akataka vijana wa chama, JMPR, waingie mpaka ndani ya seminari. Malula na maaskofu wenzake wakakataa.

Januari 1972 mambo yakachacha. Siasa ya otantisite ilisema majina ya kizungu yaondoke. Joseph-Désiré mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Padri atakayebatiza mtoto kwa jina la kizungu aliambiwa ataona gereza miaka 5. Gazeti la Wakatoliki, Afrique Chrétienne, likachambua hiyo siasa; likafungwa. Mobutu aliona mkono wa kardinali. Akamunyanganya nishani ya leta, akamufukuza mu nyumba yake, na nyumba ikapewa JMPR. Februari Malula akaenda Roma.

Na huyu Malula hakuwa mutetezi wa uzungu hata kidogo! Ngoma, kucheza na kuita mababu ndani ya misa, ni yeye alivipigania, mpaka Roma ikakubali ile misa mwaka 1988. Walei, wale bakambi, aliwapa kuongoza maparokia. Shida ilikuwa nani anaamuru ndani ya Kanisa. Ulaya ya zamani ilipigana hivyo hivyo: mwaka 1077 mfalme Henri IV alisimama siku tatu katika baridi kule Canossa, akiomba Papa Gregori VII amusamehe.

Mobutu hakusimama nje ya mulango wa mutu. Malula alirudi Juni 1972, lakini mwaka 1974 Noeli ikaacha kuwa sikukuu ya leta, na masomo ya Kanisa yakakamatwa. Mwaka 1976, hapa Lubumbashi, askofu mkuu Kabanga akatoa barua kali juu ya rushwa, Je suis un homme. Masomo nayo yalishinda leta. 1977 ikarudishia makanisa kazi ya kuyaongoza.

Malula alifariki Leuven, Ubelgiji, tarehe 14 Juni 1989. Amezikwa mu kathedrali ya Notre-Dame ku Kinshasa. Mobutu alikuwa angali madarakani.