Mekatilili wa Menza, Aliyefungwa Kisii

Mzee mmoja wa chama chetu ametuuliza kwa nini taarifa ya mwaka, iliyo ya watu wa Kisii na Nyamira, itoe nafasi kwa maisha ya mwanamke wa Pwani. Swali hilo ni la haki. Twajibu kwamba mwanamke huyo alifungwa katika mji wetu huu. Tena shauri lililo mbele ya wanachama sasa, yaani kama wajane wanaopokea msaada wetu wapewe viti katika halmashauri inayougawa, lilimhusu yeye kabla halijatuhusu sisi.

Mnyazi wa Menza alizaliwa katika nchi ya Wagiriama yapata katikati ya karne ya 19, binti pekee katika jamaa yenye watoto wanaume wanne. Husimuliwa kwamba mmoja wa ndugu zake, Mwarandu, alichukuliwa na wafanyaji biashara ya watumwa, asionekane tena. Aliolewa, akaitwa Mekatilili kwa jina la mwanawe Katilili. Kisha mumewe akafariki. Basi mwaka 1913 alikuwa mjane wa makamo, asiye na cheo, na mashauri ya nchi yalikuwa ya wazee wa kaya.

Mwaka huo Serikali ya Kiingereza ilidai kodi ya vibanda, na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya pwani. Mekatilili hakungoja kuitwa barazani. Alipita vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu walipokusanyika ndipo aliposema nao habari za kodi na za watoto wao. Kisha wanaume wakala kiapo cha fisi, na wanawake wakala kiapo chao wenyewe, kiitwacho mukushekushe. Hapa twawaomba wazee wetu watue kidogo. Wanawake wale hawakuhesabiwa ndani ya kiapo cha waume zao. Waliapa kwa vinywa vyao. Bwana Shauri wa huko, Arthur Champion, alijikuta hapati kodi wala vibarua.

Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakaletwa Kisii. Serikali ilidhani kwamba umbali ni ukuta. (Boma la Kisii lilikuwa na sababu ya kutowadharau wanawake wazee, kwani mwaka 1908 Moraa wa Ngiti, omong'ina wa Kitutu, ndiye aliyemhimiza Otenyo kumchoma mkuki Bwana Northcote.) Januari 1914 wafungwa hao wawili wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Hata ndege arukaye moja kwa moja angepita yapata maili 400; nao walikuwa na Bonde la Ufa la kuvuka, na nyika kavu baada yake.

Hatufichi kwamba walishindwa. Agosti 1914 Serikali iliivunja Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili alikamatwa tena, akahamishwa mbali, asirudi ila mwaka 1919. Aliporudi hakuambiwa akae jikoni. Wanje aliongoza wanaume katika kaya, naye akaongoza baraza la wanawake, hata alipofariki yapata mwaka 1924.

Ombi la wajane wetu, kama walivyoliandikisha wenyewe, limepigwa chapa katika ukurasa unaofuata.