Askofu Elam Stauffer: Mgeni wa Kilima cha Katuru



Kila tukikutana kwenye vikao vya chama chetu, iwe Dar es Salaam au Mwanza, hoja inarudi ile ile: tutafute mfadhili. Mimi ni mhasibu, na wahasibu tuna tabia ya kuuliza swali lisilopendeza: mfadhili akiondoka, nani atalipa? Kwa sababu hiyo mwaka huu nimeomba nafasi katika kijitabu hiki nieleze habari za mtu aliyekuja kwetu kama mfadhili, akakaa miaka mingi, kisha akaondoka. Wazee wetu walimfahamu. Vijana wengi wanalisikia jina tu.

Elam Stauffer alizaliwa mwaka 1899 huko Lancaster, Pennsylvania, nchini Marekani. Watu wake, Wamennonite, walikuwa wakulima wanaovaa nguo za kawaida bila mapambo. Wanawake wao walifunika vichwa, na wanaume walikataa kushika silaha hata serikali ilipowaita vitani. Mwishoni mwa mwaka 1933 kanisa lao liliamua kumtuma Afrika. Tukumbuke ni mwaka gani huo. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, mabenki ya Marekani yalikuwa yamefungwa kwa mamia, na mkulima alikuwa anauza mazao kwa hasara. Hata hivyo sadaka zilichangwa kutoka kwa wakulima hao hao, shilingi kwa shilingi kama tungesema sisi.

Alisafiri na Orie Miller, mfanyabiashara wa viatu aliyekuwa hodari wa mahesabu na mipango. Walifika Dar es Salaam mapema mwaka 1934 bila kujua hasa wataanzia wapi. Mmisionari mmoja wa upande wa Mwanza, Emil Sywulka wa Africa Inland Mission, ndiye aliyewaelekeza mashariki ya Ziwa Victoria. Mwezi wa Februari wakachagua kilima cha Katuru pale Shirati, si mbali na mahali ambapo Wajerumani walikuwa na boma lao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Shirati leo iko Rorya, lakini sote tunajua kwamba Rorya imetengwa na Tarime mwaka 2007 tu. Kwa hiyo habari hii ni yetu.

Miller alirudi kwao. Stauffer akabaki. Baada ya muda mkewe Elizabeth akamfuata, pamoja na John na Ruth Mosemann, wakaanza maisha.

Maisha yenyewe hayakuwa ya hadithi. Ilibidi kujenga nyumba, kutafuta maji, kupambana na malaria na kungoja barua na vifaa vinavyokuja kwa meli ya ziwani. Wagonjwa walifika mlangoni kabla hata hapajawa na daktari. Hospitali ya Shirati tunayoijua ilitokana na huduma hiyo ndogo. Shule nazo zilianza kwa namna hiyo: benchi, ubao na mwalimu mmoja anayemzidi mwanafunzi wake kidogo.

Jambo gumu zaidi lilikuwa watu. Mzungu akitazama ramani huona wilaya moja. Stauffer alikuta Wajaluo, Wakuria, Wazanaki, Wajita, Waruri na wengine, kila mmoja na lugha yake, na wengine wakiwa na kesi za ng'ombe walioibiana tangu enzi za babu. Alikuta jando linalotawala kalenda ya mwaka mzima, mahari inayohesabiwa kwa ng'ombe, na ndoa ya nyumba ntobhu, ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwolea mwanamke mwenzake ili mji usife. Haya hayakuwamo katika mafunzo ya Lancaster. Mengine misheni iliyakataa moja kwa moja. Mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa, na familia kadhaa za kwetu zinaikumbuka habari hiyo kwa uchungu hadi leo.

Kiswahili ndicho kilichowaokoa. Kwa kuwa hakuna kabila lililoweza kulazimisha lugha yake kwa lingine, mikutano ya kanisa ilifanyika kwa Kiswahili, hata pale ambapo mhubiri na wasikilizaji walikuwa wote bado wanajifunza. Vituo vikaongezeka: Bukiroba mwaka 1935, Mugango 1936, Bumangi 1937, na mwaka 1940 Nyabasi, kwa ajili ya Wakuria wa Tarime. Stauffer akawa askofu wa kanisa hilo changa.

Kuna desturi moja ya Wamennonite iliyowashangaza watu wa kwetu kuliko mahubiri. Katika Meza ya Bwana walitawadhana miguu. Kwetu mtoto humnawisha mzee, na mke humpelekea mume maji. Kumwona mtu mzima ameinama na beseni mbele ya kijana, tena kijana wa kabila lingine, lilikuwa jambo la kuzungumzwa njiani wiki nzima.

Lakini beseni la ibada ni kitu kimoja, na maisha ya siku ya kazi ni kingine. Wamisionari waliishi ndani ya eneo lao, katika nyumba zilizo bora kuliko za majirani. Wao ndio waliokuwa na fedha, ndio walioajiri na ndio waliofukuza. Mwafrika alikuwa mpishi, mtumishi, mwanafunzi au mwinjilisti anayengoja maelekezo. Mafarakano yalikuwepo, ya Mzungu na Mwafrika, na ya kabila kwa kabila, ingawa wote waliimba nyimbo zile zile Jumapili.

Mwaka 1942 uamsho uliokuwa umeanzia Rwanda na Uganda ulifika Shirati. Watu walisimama hadharani na kutubu, na safari hii wamisionari nao walitubu, Stauffer akiwa mmoja wao. Walikiri kwamba walijiona wa juu. Kwa askofu, mwenye umri wa miaka zaidi ya arobaini, kukubali mbele ya watu aliokuja kuwafundisha kwamba na yeye alihitaji kufundishwa, si jambo dogo. Wengi wetu tulio maofisini tungepata shida kulifanya mbele ya wasaidizi wetu.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika, japo polepole, na mimi nitasema polepole mno. Mwaka 1950 wachungaji wa kwanza Waafrika waliwekewa mikono. Mwaka 1960 kanisa la Tanganyika likawa na mamlaka yake lenyewe, likitangulia uhuru wa nchi kwa mwaka mmoja. Katikati ya miaka ya sitini Stauffer alikuwa amekwisha kurudi kwao, na mwaka 1967 Zedekia Kisare, Mjaluo wa kwetu aliyeanza na misheni akiwa kijana, akawa askofu wa kwanza Mwafrika.

Nikifunga hesabu za maisha haya, upande mmoja naandika hospitali, shule, vituo, na watu wa makabila yaliyokuwa yakivamiana wakikaa benchi moja. Wana Serengeti waliotibiwa Hospitali ya Nyerere pale Mugumu wanajua kwamba mkono wa kanisa hilo ulifika hadi kwao. Upande wa pili naandika miaka zaidi ya thelathini ya kungoja kabla mwenyeji hajakabidhiwa usukani, na mazoea ya kutazama ng'ambo kila bati linapovuja. Stauffer alijifunza kuachia. Sisi bado hatujajifunza vizuri kupokea, maana kupokea kazi ni pamoja na kupokea gharama zake.

Wakulima wa Lancaster walitoa mwaka ambao hawakuwa na kitu. Hawakuwahi kukiona kilima cha Katuru. Sisi tunavijua vilima vyetu kwa majina, tunajua mto upi hufurika na shule ipi haina bweni la wasichana. Wengi wetu tumesoma kwa madawati ambayo mtu mwingine aliyalipia.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Tafadhali andika kiasi unachoweza kukilipa kweli, si kile cha kupigiwa makofi ukumbini. Mweka hazina atakupa risiti, na mapato na matumizi yatasomwa mbele yenu wote kwenye mkutano ujao. Mgeni alifanya sehemu yake, akaondoka. Kazi iliyobaki ni ya wenye mji.